Mwenye Shamba na Deni Lisilodaiwa

Mtu anunuaye shamba katika milima ya Butembo hulipima kwa hatua. Huwaita majirani na mashahidi, huonyeshwa mipaka, hutoa fedha, kisha huandikiwa karatasi. Tangu siku ile husema: «Udongo huu ni wangu.» Wala hakuna amchekaye, kwa kuwa ndivyo wasemavyo watu wote. Lakini yafaa kuuliza: Je, amenunua nini? Amenunua mahali pa kusimama na kupanda tu, ama amenunua pamoja navyo vyote vilivyomo ndani, hata awe na haki ya kuvitenda apendavyo? Na ikiwa ndani ya udongo ule wamo wafanya kazi wamlishao mchana na usiku, wasiomjua wala kumdai kitu, je, ana deni kwao?

Swali hili si la mchezo. Kutoka Lubero hata Butembo, na kushuka hata Beni na Oicha, nyumba nyingi hula kwa jembe. Udongo ukichoka, jibu la swali huonekana katika sahani ya mtoto.

Basi kwanza yapasa kuwajua hao wafanya kazi ni akina nani, na kazi yao ni ipi.

Mtu akiung'oa mhindi mchanga polepole, akausuza mzizi wake katika maji, huona mizizi mieupe yenye vinyweleo, naye hudhani ameona yote. Sivyo. Ndani ya mizizi ile, na kuizunguka pande zote, zimo nyuzi za kuvu, nyembamba mara nyingi kupita unywele wa kichwa, zisizoonekana kwa macho matupu. Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, ndiye aliyeupa ushirika huu jina mwaka 1885, akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kuvu na moja la mzizi. Ndilo neno mikoriza. Naye Frank hakuanza kwa kutafuta elimu hiyo. Serikali ya Prussia ilikuwa imemtuma kuchungua kama uyoga fulani wa bei kubwa, uotao chini ya ardhi, waweza kulimwa kama viazi. Uyoga hakuulima. Aliona badala yake ya kuwa mizizi ya miti imevikwa kuvu, na miti ile haikuwa na ugonjwa wo wote. Wakati ule watu wengi walidhani kila kuvu ishikayo mmea ni adui yake, kwa hiyo si wote waliomsadiki.

Kazi ya nyuzi hizo yaeleweka vizuri kwa kutazama udongo wa milima yenyewe. Udongo mwekundu wa Butembo si udongo wa volkano kama ule wa Goma. Ni udongo mzee, ulionyeshewa na mvua kwa miaka isiyohesabika, nao una chuma na alumini nyingi. Madini hayo huishika sana fosforasi, chakula ambacho mmea hukihitaji kwa mizizi, kwa maua na kwa mbegu. Fosforasi yaweza kuwamo nyingi katika shamba, na mmea ukafa njaa katikati yake. Maana chakula hicho hakitembei na maji. Mzizi hula kilicho karibu nao, kadiri ya milimita moja au mbili, kisha hubaki mikono mitupu, kama mtu aketiye jikoni asiyeweza kufikia chungu kilicho darini. Kuvu ndiyo ifikiayo. Nyuzi zake huenda sentimita kadhaa mbali na mzizi, huingia katika vipenyo ambamo mzizi hauwezi kupita, huichukua fosforasi na kuileta hata ndani ya chembe za mzizi wenyewe. Mle ndani uzi hugawanyika matawi madogo madogo kama kijiti, na mahali pale ndipo pa kubadilishana. Kwa kuwa kuvu haina jani la kijani, haiwezi kujipatia chakula kwa nuru ya jua. Basi mmea huilipa kwa sukari na mafuta. Malipo hayo yaweza kufika hata sehemu moja katika tano ya chakula chote kilichotengenezwa na majani. Si kodi ndogo. Wako wenye mashamba watozao nafuu kuliko hiyo.

Ushirika huu ni wa kale sana. Huko Rhynie katika nchi ya Scotland yameonekana mawe yenye mabaki ya mimea iliyoishi zamani kupita miaka milioni 400, nayo kuvu imo ndani ya mimea ile. Mimea yenyewe ilikuwa bado haina mizizi iliyo kamili. Maana yake ni kwamba mapatano na kuvu yalitangulia mizizi, na hata leo zaidi ya theluthi mbili za aina za mimea ya nchi kavu huishi kwa mapatano hayo.

Katika mashamba ya Beni na Butembo walioingia katika ushirika huo ni mahindi, maharagwe, migomba, mibuni, mikakao, viazi vya kizungu, vitunguu na liki. Tena wa kwanza kwa kuitegemea kuvu ni muhogo. Mizizi ya muhogo inyonyayo chakula ni minene, michache, yenye vinyweleo haba, nayo peke yake haitoshi kazi. Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wa kituo cha CIAT nchini Kolombia walipanda muhogo katika udongo uliouawa vijidudu vyote kwa makusudi, wenye fosforasi kidogo. Ukadumaa. Waliporudisha kuvu katika udongo ule ule, ukakua. Kumbe mmea ambao watu husema waota po pote, hata juu ya kichuguu kilichokauka, hauoti peke yake hata kidogo. Kabichi, kwa upande mwingine, haipokei kuvu hii, na lengalenga kwa kawaida vivyo hivyo. Hilo si kosa lao, lakini apandaye kabichi juu ya kabichi mwaka hata mwaka huwaacha wafanya kazi wake bila posho, nao hupungua.

Kuna na wengine. Kijiko kimoja cha udongo mzuri chaweza kuwa na bakteria mamia ya mamilioni. Wengi huozesha majani na mabua na kuyarudisha kuwa chakula. Wengine hukaa katika mizizi ya maharagwe, karanga na soya, ndani ya vinundu vidogo ambavyo kila mkulima amekwisha kuviona, na pengine amevidhania kuwa ugonjwa. Katika miaka ya 1880 Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walionyesha ya kuwa vinundu hivyo hulipatia shina chakula kutoka hewani, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akawatoa bakteria wenyewe na kuwalea mbali na mmea. Hewa ina naitrojeni karibu asilimia 78, lakini jani haliwezi kuitumia kama ilivyo. Ni bakteria hao waigeuzao. Atakaye kujua kama wanafanya kazi na apasue kinundu kwa ukucha wakati maharagwe yanapotoa maua. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Rangi hiyo yatoka katika kitu kilicho jamaa ya kile kiifanyacho damu ya mtu kuwa nyekundu. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi. Haifai hata hivyo kuyasifu maharagwe kupita haki yao: si hodari kama karanga na soya, na katika udongo usio na fosforasi huwa wavivu zaidi. Hapo tena kuvu huhitajiwa, maana ndiyo iletayo fosforasi itumiwayo na kinundu. Watatu wamefungamana, na wa tatu akikosekana wawili hulegea.

Jambo jingine ni la milima hasa. Nyuzi za kuvu, pamoja na utomvu wa vijidudu, huushika udongo uwe chenga chenga zisizovunjika upesi. Mvua ikinyesha juu ya udongo wa namna hiyo, maji hupenya. Ikinyesha juu ya unga mtupu, maji hushuka nao hata bondeni. Kila mkaaji wa Butembo aliyetazama rangi ya mito baada ya mvua anajua ni kitu gani kinachopita. Nao udongo utangulizao kwenda ni ule wa juu, yaani ule wenye mizizi na kuvu nyingi.

Sasa msomaji aweza kufikiri ya kuwa funzo limekwisha patikana: watu na waige kuvu, wasaidiane kama zinavyosaidiana. Wapo wahubiri na waandishi wengi wapendao kumalizia hapo. Ni afadhali kungoja kidogo.

Kaskazini mwa Beni, katika msitu wa Ituri, kuna mti ambao wakaaji wa msitu huuita mbau, na wenye biashara ya mbao huuita limbali. Mahali pengi mti huu hutawala peke yake, eneo kubwa, kana kwamba umepandwa na mtu. Miche yake huvumilia miaka katika giza la mama zake. Nao una kuvu, ila za namna nyingine, zile ziuvikazo mzizi kwa nje na kutoa uyoga juu ya ardhi. Watu waliposikia habari za misitu ya namna hii, wengi walisema: Tazama, miti mikubwa huwanyonyesha watoto wake kwa nyuzi za kuvu! Usemi huo ulipata nguvu mwaka 1997, Suzanne Simard wa Canada na wenzake walipoonyesha ya kuwa kaboni yaweza kutoka katika mti mmoja na kuonekana katika mwingine. Tangu hapo habari imekuwa ikikua kwa kusimuliwa. Mwaka 2023 wataalamu watatu, na mmoja wao alikuwa ameshiriki katika kazi ile ya 1997, waliandika ya kuwa mambo mengi yasemwayo juu ya miti kulishana hayajathibitishwa msituni. Mwanamke yule aliyeirudia kazi yake mwenyewe na kuipunguzia sifa anastahili heshima. Si wengi wafanyao hivyo. Na jambo zuri lisilothibitishwa halifai kufundishwa watoto kana kwamba ni kweli, hata likiwa na faida kwa mwenendo wao.

Tena kuna jambo baya zaidi kwa wahubiri hao. Je, kuvu ni njema? Mwulize mzee wa Beni aliyekuwa na mibuni ya robusta. Kuna kuvu ya udongoni iingiayo katika shina la mbuni na kuziba mishipa yake. Majani hunyauka, matunda hukauka mtini, na mti mzima hufa. Ugonjwa huo ulionekana kwanza mwaka 1927 katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ulirudi kwa ukali kaskazini-mashariki mwa Kongo tangu miaka ya 1970, ukashuka hata Beni ukiharibu mashamba, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda. Watu walioishi kwa kahawa, waliosomesha watoto kwa kahawa, waling'oa na kuchoma. Wengi walihamia kakao. Basi kuvu nyingine hulisha na nyingine huua, wala ya kwanza haina wema, wala ya pili haina uovu. Hata ile ilishayo hailishi bure. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwa majaribio ya kuwa mzizi ulioshikwa na kuvu mbili huipa sukari zaidi ile iletayo fosforasi zaidi, na kuvu nazo hufanya vivyo hivyo kwa mizizi. Ni soko, kama soko la Butembo, isipokuwa halina mdomo wa kubembeleza bei.

Kwa hiyo jibu la kwanza lasema hivi: kwa kuvu yenyewe, mtu hana deni. Deni kamili ni baina ya wenye kujua na kutaka. Atoaye pasipo kujua kuwa anatoa hawezi kukopesha. Mtu akikanyaga uyoga hakumdhulumu mtu, na asemaye ya kuwa vijidudu vina haki kama ya jirani anafanya neno haki liwe jepesi, nalo katika nchi hii limekwisha kuwa jepesi mno.

Lakini jibu hilo halimwachilii mwenye shamba. Maana udongo aliouchukua haukuanza naye. Aliyeulima kabla yake aliuacha upumzike miaka kadhaa, magugu yakaota, vichaka vikaota, majani yakaoza, nyuzi zikajaa. Au hakuuacha upumzike, na huyo wa leo anaona hasara kwa macho. Na baada yake atakuja mwingine. Kuvu haiwezi kuumizwa kwa dhuluma, lakini mtu aweza kumdhulumu mtu mwingine kwa njia ya kuvu, kama awezavyo kumdhulumu kwa njia ya kisima. Atiaye uchafu kisimani hatendi kosa juu ya maji. Basi deni lipo, na wenye kudai ni watoto ambao bado hawajajua kusema. Ndiyo maana halidaiwi. Mwamini atasema tena ya kuwa shukrani ya mwisho yamwendea Muumba. Hilo ni kweli, na lina mahali pake, ila mtu asilitumie kuikwepa ile ya jirani.

Hapa watu husema: «Mla ni mla leo, mla jana kala nini?» Mwingine husema: «Nitajuaje habari za vitu visivyoonekana?»

Hoja ya pili ina jibu la karibu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa ya kuwa Ebola imeingia pande za Beni. Ikafika Butembo na Katwa, haikutangazwa kwisha hata tarehe 25 Juni 2020, nayo ilikuwa imewaua watu zaidi ya 2,200. Mwanzoni wengi walisema ya kuwa hakuna kitu, kwa sababu hakionekani. Walijifunza kwa makaburi. Baadaye mbele ya kila duka na kila kanisa pakawa na ndoo ya maji yenye dawa, na watu waliokuwa wakibisha wakanawa mikono. Basi nchi hii yajua kupita nyingi ya kuwa kitu kisichoonekana kwa macho chaweza kuamua nani aishi na nani afe. Ila imelijifunza jambo hilo kwa upande mmoja tu, ule wa hofu. Aliyekwisha kusadiki kijidudu kinachoua hana udhuru wa kukataa habari za kile kinacholisha; elimu ni ile ile, na darubini ni ile ile. Na mtu ajuaye hawi sawa na yule asiyejua. Babu aliyechoma mabua yote kila mwaka hakujua. Mjukuu aliyesoma hawezi kusimama pale pale.

Hoja ya kwanza ni nzito zaidi, wala haifai kuijibu kwa maneno makali.

Tangu Oktoba 2014 mauaji katika wilaya ya Beni yamewafukuza watu wengi mashambani mwao. Huko walikotoka, mashamba mengine yamerudi kuwa kichaka na udongo wake wapata nguvu, hali mwenyewe yuko mlimani, amekodi kipande kilichochoka, apate kulisha watoto. Amekikodi kwa msimu mmoja. Akikitunza vizuri, mwenye shamba hukitwaa, maana sasa kimekuwa kizuri. Akikiharibu, hutafuta kingine. Basi mkodi huyo hung'oa yote, huchoma yote, hulima kwa kushuka mteremko kwa kuwa ni upesi, kisha huondoka. Je, ametenda kosa?

Yapasa kupima kwa mizani mbili. Yako mambo yasiyomgharimu mkodi kitu, na yako yamgharimuyo chakula. Kumwambia apumzishe nusu ya kipande alichokodi kwa msimu mmoja ni kumwambia asile. Hakuna sheria ya haki iwezayo kumtaka hivyo. Lakini kulima kwa kukata mteremko badala ya kuushuka humwongezea kazi ya siku chache tu, na humwachia udongo wake mwenyewe katika mvua ya mwezi huo huo. Kuyakata maharagwe kwa kisu na kuiacha mizizi ardhini, badala ya kuyang'oa na kwenda nayo nyumbani, hakumpunguzii hata punje moja. Faida yake si kubwa sana, kwa kuwa shina likikomaa limekwisha kupeleka naitrojeni nyingi katika mbegu. Lakini kidogo hicho ni bure, na mizizi iliyobaki huhifadhi kuvu kwa mmea ujao. Kwa mambo kama hayo mkodi hana udhuru.

Habari ya moto ni ngumu kuamua. Mkulima achomaye si mjinga. Majivu hupunguza ukali wa udongo na hutoa chakula upesi, na mazao ya kwanza huwa mazuri. Moto mwepesi haufiki chini sana, wala hauui kila kuvu. Lakini naitrojeni ya mabua hupaa pamoja na moshi, chakula cha vijidudu huisha, na ardhi hubaki uchi mvua ikianza. Tena mabua mengine yana kazi nyumbani: mbuzi huyala, na mama huyapikia siku kuni zinapokosekana. Nani atamlaumu mama huyo? Afadhali kusema hivi: kinachohitajiwa nyumbani na kichukuliwe, na kilichobaki kilazwe juu ya udongo, kisichomwe kwa desturi tu.

Kadhalika mbolea ya viwandani. Wengine huisema kana kwamba ni sumu, na kusema hivyo si kweli. Palipo na uhaba wa fosforasi, kidogo chake kwa kipimo husaidia mmea na kuvu pia. Ikizidi, mmea hushiba bila mfanya kazi wake na hupunguza kumlipa. Samadi na majani yaliyooza hayana hatari hiyo mara nyingi, ila huhitaji mifugo na mikono ya kubeba. Na yule auzaye unga wa kuvu katika mifuko, akiahidi mavuno maradufu, aulizwe kwanza umejaribiwa wapi. Kwa kawaida kuvu ya kufaa imo tayari shambani, ikilindwa tu dhidi ya mmomonyoko na kupewa mimea iipokeayo.

Uzito mkubwa zaidi wa jambo lote haumwangukii mkodi. Wamwangukia yule apangaye muda. Mwenye shamba akodishaye kwa msimu mmoja, na kumtoa mtu mara tu udongo unapoitikia, ndiye anayemfundisha mwenzake kuharibu. Kisha hulalamika ya kuwa wageni hawana adabu na ardhi. Kwa desturi ya Wanande, aliyepewa mahali pa kulima alimpa mwenye udongo kitu kila mwaka cha kumkiri, mara nyingi mbuzi. Naye akiendelea kukiri, aliendelea kulima. Desturi hiyo ilikuwa na mizigo yake, na wengine waliitumia vibaya, lakini ilimpa mkulima sababu ya kufikiri habari za mwaka ujao. Karatasi ya msimu mmoja haimpi. Na huyo asemaye «udongo huu ni wangu» na akumbuke sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo ilitangaza ya kuwa udongo wa Kongo ni mali ya Taifa peke yake, na raia hupata haki ya kuutumia. Serikali iliyoitunga ilikuwa na sababu zake, wala si zote zilizokuwa njema. Hata hivyo, mbele ya sheria na mbele ya desturi pia, mwenye shamba wa Butembo ni mwenye kutumia, kama yule aliyemkodisha. Wanatofautiana kwa muda tu.

Basi haki yadai nini kwake? Si kutoa shamba bure. Ni kukubali kuchukua upande wake wa gharama ambazo mkodi hawezi. Kipande kipumzike, apumzishe yeye, maana ana vingine. Vizuizi vya maji vikatwe kabla ya mvua, avikate yeye au amlipe mkodi kwa kazi ile, kwa kuwa vitabaki kwake. Akitaka kabichi kila msimu kwa ajili ya soko, akubali na msimu wa maharagwe au mahindi katikati. Wako wenye mashamba ambao watasema ya kuwa hali ya vita haimruhusu mtu kuahidi miaka mitatu. Ni kweli kwamba hakuna ajuaye yatakayotokea. Lakini hao hao hupanda mikaratusi, nayo hungoja miaka kabla ya kukatwa. Basi kungoja wanajua, ikiwa faida ni yao.

Vyuo vya nchi vyaweza kusaidia katika kupima. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu mwaka 1989, nacho kina watu wa kilimo. Lakini mambo makubwa hayangojei kipimo. Karatasi ya kukodi shamba hutaja mipaka, bei na tarehe. Chini yake pana nafasi ya mistari michache: misimu sita badala ya mmoja, mabua yasiyotumika nyumbani yalazwe shambani, matuta yakate mteremko, vizuizi vya maji ni juu ya mwenye shamba. Mashahidi ni wale wale waliosimama mpakani, na kalamu ni ile ile.